Mali Bila Daftari: Nani Anajua Jiji Letu Litahitaji Umeme Kiasi Gani?

Usiku mmoja wa Februari, yapata saa tatu, transfoma ya mtaani kwetu upande wa Kinondoni ilitoa kishindo, ikatema cheche, na giza likatufunika. Kwa asiyeijua Dar es Salaam ya mwezi huo, nitamwambia tu kwamba ni msimu ambao hata shuka huwa mzigo. Watu walitoka na mikeka wakakaa barazani. Katika jengo la ghorofa lililo nyuma ya nyumba yangu jenereta moja iliwaka, kisha ya pili. Sisi wengine tulijipepea kwa magazeti hadi usingizi ulipotuhurumia.

Asubuhi mafundi walipofika nilitoka kuwatazama. Kijana mmoja, wa rika la wanafunzi wangu, aliniamkia. Nikamwitikia, kisha nikamuuliza kama ule upungufu wa umeme umerudi. Akacheka kwa adabu. "Hapana, Mwalimu. Umeme upo. Tazama hapo." Akanyoosha mkono kuelekea ghorofa nne upande huu na ghorofa sita upande ule, kila dirisha na sanduku la kiyoyozi chini yake. "Transfoma hii ilifungwa mtaa huu ukiwa na nyumba za chini na miembe. Nyumba zimeota. Yenyewe haikuota."

Ndugu msomaji, makala haya ni ufafanuzi wa kauli ya kijana yule. Tumezoea kulijadili suala la umeme kana kwamba ni suala la mabwawa na mitambo: megawati ngapi zimeongezeka, nani kazizindua, nani anastahili sifa. Hoja yangu ni kwamba swali hilo, kwa muhimu wake wote, ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: umeme huo utahitajika na nani, katika jengo gani, mtaa upi, saa ngapi? Jiji lisiloweza kulijibu swali hilo halina mpango wa nishati, lina matumaini. Na kwa kuwa majibu hugawa fedha, giza na mwanga baina ya wananchi, swali hilo si la wahandisi peke yao.

Taifa lina umeme, mtaa hauna

Nianze kwa kutoa haki palipo na haki. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, kutokana na mashine 9 zenye megawati 235 kila moja. Mashine ya kwanza ilianza kuingiza umeme katika gridi ya Taifa mapema mwaka 2024, nchi ikiwa imetoka katika miezi ya mgawo iliyoanza mwaka 2023. Aliyeishi katika miezi ile, mwenye saluni, mwenye duka la samaki, mama mwenye mtoto mchanga katika chumba cha bati, haitaji kuelezwa thamani ya mashine hizo.

Lakini tuifanye hesabu ndogo. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba kimoja huvuta umeme wa kilowati moja hivi kinapofanya kazi kwa nguvu. Mashine moja ya Rufiji, yaani megawati 235, ni sawa na viyoyozi 235,000 vya aina hiyo vikiwaka kwa pamoja, hata kabla ya kutoa kiasi kinachopotea njiani katika nyaya. Sensa ya mwaka 2022 ililihesabia jiji hili watu 5,383,728. Kwa hiyo kiyoyozi kimoja kwa kila watu 23, vikiwashwa usiku mmoja wa joto, vinatosha kuimeza mashine nzima.

Sisemi kwamba jambo hilo litatokea kesho. Viyoyozi haviwaki vyote kwa wakati mmoja, na vilivyo bora huvuta kidogo chumba kikishapoa. Ninachosema ni kwamba kila jengo linaloinuka ni ahadi ya kudai umeme, na jumla ya ahadi hizo inaweza kukua kimya kimya kwa ukubwa wa bwawa bila Bunge kuijadili wala Waziri kuizindua. Tena ahadi hizo hazisambai sawasawa. Zinajikusanya Kariakoo, Upanga, Mikocheni, Sinza, Kijitonyama, kila palipo na mwenye kiwanja aliyepata mkopo wa kuivunja nyumba ya chini na kupandisha ghorofa. Gridi inaweza kuwa na ziada ya kutosha huku transfoma moja ikiungua, kwa sababu ziada hukaa Rufiji na joto hukaa chumbani.

Njia mbili za kutabiri

Duniani kuna njia mbili kuu za kukisia mahitaji ya umeme ya siku zijazo. Ya kwanza huanzia juu. Mtaalamu huchukua takwimu za mauzo ya umeme ya miaka iliyopita, akaziweka kando ya ongezeko la watu na ukuaji wa uchumi, kisha akauvuta mstari kwenda mbele. Njia hii ni nafuu, ni ya haraka, na kwa taifa zima huweza kutoa picha inayofaa. Ya pili huanzia chini, yaani kwenye majengo yenyewe. Humo huulizwa: jiji lina majengo mangapi, ya aina gani, ya ukubwa gani, yameezekwa na kuzungushiwa nini, yanakaliwa na watu wangapi na kwa saa zipi? Majengo yanayofanana huwekwa katika kundi moja, kundi hupimwa kwa hesabu za joto, jua na matumizi, saa kwa saa kwa mwaka mzima, kisha matokeo hulinganishwa na usomaji wa mita na kujumlishwa mtaa kwa mtaa.

Njia ya kwanza ikitegemewa peke yake hudanganya, na historia ina mifano ya kutosha. Nchini Marekani, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, matumizi ya umeme yalikuwa yakiongezeka kwa takriban asilimia 7 kwa mwaka, kiasi cha kujirudufu kila baada ya miaka 10. Watabiri wakauvuta mstari. Bei zikapanda, watu wakabana matumizi, mstari ukapinda, lakini mitambo ilikuwa imekwisha kuagizwa. Katika jimbo la Washington, shirika moja la umma lilianza kujenga mitambo mitano ya nyuklia. Likakamilisha mmoja, na mwaka 1983 likashindwa kulipa dhamana zenye thamani ya dola bilioni 2.25.

Tusidhani hayo ni ya mbali. Mwaka 2013 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuongeza megawati zaidi ya 5,000 ndani ya miezi 40. Miaka 10 baadaye, kilele cha mahitaji ya Kenya nzima kilikuwa megawati 2,000 na ushei. Ghana nayo, baada ya miaka ya zima-washa ambayo wenyewe waliiita dumsor, ilitia saini mikataba mingi kwa pupa. Mwaka 2019 serikali yake ikakiri kwamba inalipa zaidi ya nusu bilioni ya dola kila mwaka kwa umeme isiouhitaji. Aliyekisia kidogo aliwapa watu giza. Aliyekisia kupita kiasi akawapa deni. Katika hali zote mbili mlipaji ni mwananchi, na katika hali zote mbili hakushirikishwa katika hesabu.

Hata idadi ya watu, ambayo ndiyo nguzo ya njia hiyo, hututeleza. Kwa miaka mingi tumesoma kwamba Dar es Salaam itafikisha watu milioni 10 ifikapo 2030. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541; ile ya 2022 ikaongeza milioni moja tu na kidogo. Je, jiji limeacha kukua? La. Limevuka mipaka yake. Limemwagikia Kibaha, Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo, ambako kwenye karatasi ni mkoa mwingine ingawa daladala ni zilezile. Mwenye kutabiri kwa mipaka ya mkoa atautafuta umeme Ilala na kuukuta ukihitajika Vikindu.

Asiyetumia si asiyehitaji

Kasoro iliyo nzito zaidi ni ya kimaadili. Utabiri unaojengwa juu ya mauzo ya jana huchukulia kwamba kilichonunuliwa ndicho kilichohitajika. Hapo ndipo umaskini unapoandikwa vitabuni kama kutosheka.

Fikiria nyumba ya vyumba sita Mbagala au Manzese, mita moja, wapangaji sita. Kila anayeishi au aliyewahi kuishi humo anaijua siasa ya LUKU: nani kanunua mara ya mwisho, nani ana friji, nani kapiga pasi usiku wa manane, kwa nini anayeuza barafu asichangie zaidi. Mara nyingi amani ya nyumba hupatikana kwa kukubaliana kutokutumia. Friji inauzwa, jiko la umeme linapigwa marufuku, feni inawashwa kwa zamu. Uniti zikiisha tarehe 24, mita inakaa kimya hadi mshahara. Katika kumbukumbu za mauzo, ukimya huo unasomeka kama nyumba isiyokuwa na haja.

Wateja wa majumbani wenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa uniti kwa shilingi 100. Ni ruzuku njema na ninaiunga mkono. Lakini kiyoyozi kimoja cha kilowati moja kikifanya kazi kwa saa nane kwa siku hutumia uniti 240 kwa mwezi, ambazo kwa bei ya kawaida ya takriban shilingi 356 pamoja na kodi ni zaidi ya shilingi 85,000. Nyumba ya wapangaji sita iliyoungana katika mita moja hupita uniti 75 hata bila kiyoyozi, kwa hiyo familia sita maskini hulipa bei ya familia moja yenye uwezo. Nyaraka zitaonyesha mteja mmoja wa kati. Hazitaonyesha watoto kumi na wawili.

Sasa chukua takwimu hizo, zipeleke mbele miaka 20, uamue ni wapi pa kujenga kituo cha kupozea umeme. Utakijenga Masaki, maana ndiko "mahitaji" yanakoonekana. Mbagala itapata umeme mdogo usioweza kuendesha mashine ya kusaga, mwenye mashine atanunua injini ya dizeli, na mauzo ya umeme ya Mbagala yataendelea kuwa madogo. Utabiri utakuwa umetimia, kwa sababu wenyewe ndio uliotimiza. Ndiyo maana nasema kwamba kutabiri si kazi ya kuchungulia kesho tu. Ni kazi ya kuiamua.

Na kesho hiyo tumekwisha kuitangaza iwe tofauti. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia mwishoni mwa kipindi hicho. Ikiwa hata sehemu ya familia hizo zitapika kwa jiko la umeme, basi nyumba ile ya vyumba sita itakuwa na majiko sita yanayowashwa kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, katika waya uliofungwa kwa ajili ya taa na redio. Mstari uliovutwa kutoka mauzo ya jana hauwezi kuliona jambo hilo. Anayehesabu nyumba, vyumba na majiko analiona.

Jengo ni uamuzi wa miaka hamsini

Mtambo wa kuzalisha umeme hubadilishwa, balbu hubadilishwa, hata tabia za watu hubadilika bei ikipanda. Ukuta hausogei. Jengo likishakabidhiwa, mahitaji yake ya umeme kwa miaka hamsini yamekwisha kuandikwa kwa zege na kioo.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta. Kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la adhuhuri hupita juu ya vichwa vyetu, na ukuta unaochomwa zaidi ni ule unaotazama mashariki na ule unaotazama magharibi. Wazee wetu wajenzi walilijua hilo bila kompyuta: baraza pana, uwazi wa ndani wa nyumba, mlango wa mbele na wa nyuma vitazamane ili upepo wa bahari upite. Wasanifu wa kizazi cha uhuru nao walilizingatia. Beda Amuli aliposanifu Soko la Kariakoo katika miaka ya 1970, aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege yenye kutoa kivuli na kuacha hewa ipite. Majengo mengi ya ofisi na nyumba za Upanga za kipindi kile yana vizuizi vya jua mbele ya madirisha, na ukiingia ndani unaweza kufanya kazi kwa feni.

Leo tunavika majengo vioo kuanzia chini hadi juu, madirisha yasiyofunguka, yakitazama jua la jioni, kisha tunaita hayo maendeleo. Mimi mwenyewe nimewahi kufundisha katika ukumbi wa namna hiyo. Umeme ukikatika, dakika kumi zinatosha kuufanya usikalike. Nimewahi kuwahamishia wanafunzi chini ya mti na mhadhara ukaendelea vizuri zaidi. Kichekesho ni kwamba mti ulikuwepo kabla ya jengo, na bili haukuwa nayo.

Hapa kuna mgongano wa masilahi usiosemwa. Anayejenga si anayelipa. Mwenye jengo huokoa fedha kwa kuondoa kivuli, uwazi na dari nzuri. Mpangaji hulipia uamuzi huo kila mwezi kwa uniti. Na umma hulipia kwa kujenga mitambo na transfoma za kuhudumia joto lililotengenezwa na mchoro. Katika fomu za kibali cha ujenzi ambazo nimewahi kuzishika, nimeulizwa habari za kiwanja, mipaka, vyoo na maegesho ya magari. Sijaulizwa jengo langu litadai kilowati ngapi saa tisa alasiri ya Februari. Swali hilo moja, likiulizwa kwa kila ghorofa inayopandishwa, lingekuwa utabiri bora kuliko mistari mingi ya uchumi, kwa sababu lingeulizwa kabla ya zege kumwagwa.

Daftari tunalo, kurasa zimetawanyika

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Atakayesoma haya atasema: nchi maskini itatoa wapi takwimu za kila jengo? Jibu langu ni kwamba nyingi tunazo tayari, ila kila ofisi imelalia ukurasa wake.

Sensa ya mwaka 2022 ilikwenda pamoja na sensa ya majengo, jambo ambalo halikuwahi kufanyika nchini, na kuandamana na mpango wa anwani za makazi. Kabla yake, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora Dar es Salaam, nyumba kwa nyumba na mfereji kwa mfereji, kwa ajili ya kukabiliana na mafuriko. Halmashauri zina mafaili ya vibali. Shirika la umeme lina kumbukumbu za kila uniti iliyonunuliwa.

Na kiungo kati ya mita na jengo nacho tulikwisha kukitengeneza. Mwaka 2021 Serikali iliamua kukusanya kodi ya majengo kupitia LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, viwango vilivyopandishwa mwaka 2023 kuwa 1,500 na 7,500. Wapangaji walilalamika, na kwa haki, kwamba wanakatwa kodi ya mwenye nyumba. Lakini tazama jambo lenyewe lilivyo: ilipotakiwa fedha, dola iliweza kujua mita ipi iko katika jengo lipi na jengo hilo lina ghorofa ngapi. Ikiwa elimu hiyo inatosha kumkata mtu kodi, inatosha pia kumpangia transfoma.

Wengine wamethubutu. Mji wa Boston, kwa kushirikiana na watafiti wa MIT, ulitengeneza kielelezo cha nishati cha majengo yake zaidi ya 80,000 kwa kutumia kumbukumbu za kodi na ramani zilizokuwapo tayari, kisha ukajiuliza ni mitaa ipi inafaa kuzalisha umeme wake na ipi inafaa kupunguza matumizi. New York, kwa sheria ya mwaka 2009, iliwalazimisha wenye majengo makubwa kutoa taarifa ya matumizi yao kila mwaka, na taarifa hizo zikawekwa hadharani. Mwaka 2019 ikapitisha sheria ya kuyawekea majengo makubwa kikomo cha hewa ya ukaa. Mpangilio huo una funzo: walihesabu kwanza, wakachapisha, kisha ndipo wakadai. Sisi tumezoea kudai kwanza.

Hoja za upande wa pili

Mwanafunzi wangu mmoja alinipinga darasani kwa hoja tatu, nami sioni aibu kuzileta hapa kwa kuwa ni nzito.

Kwanza, kila utabiri hukosea, kwa hiyo kwa nini tugharimike kukosea kwa undani zaidi? Ni kweli. Lakini utabiri wa majengo unapokosea, kosa lina anwani. Unaweza kwenda mtaani ukaona kwamba vyumba ulivyodhani ni makazi vimekuwa fremu za maduka, ukasahihisha. Kosa la mstari wa kitaifa huonekana baada ya miaka 15, likiwa limekwisha kuwa bwawa au deni.

Pili, je, takwimu za LUKU zikitumika hivyo, faragha ya mtu iko wapi? Matumizi ya umeme yanaeleza mtu anaamka saa ngapi, yuko safarini au nyumbani, biashara yake inakua au inakufa. Hoja hii naikubali bila ubishi, na ninaitaka iwe sharti: kinachochapishwa kiwe jumla ya mtaa au eneo la transfoma, kamwe kisiwe cha nyumba moja, na kamwe kisitumike kumsaka mtu kwa kodi nyingine. Wananchi wakihisi kwamba mwenye kuhesabu majengo anakuja na mkasi, watamdanganya, na watakuwa na haki ya kumdanganya.

Tatu, je, hii si anasa ya miji iliyokwisha kujengeka? Naona kinyume chake. Boston inahesabu majengo ambayo hayatabadilika sana. Sisi sehemu kubwa ya jiji letu la mwaka 2050 haijajengwa. Anayeweza kuamua mchoro kabla ya msingi kuchimbwa ana faida kuliko anayebandika viraka kwenye ukuta wa miaka mia.

Tufanye nini

Sipendekezi wizara mpya wala kongamano. Napendekeza mambo manne. Halmashauri ziongeze katika fomu ya kibali cha ujenzi makadirio ya umeme wa jengo na saa ambazo litauhitaji zaidi, yaliyosainiwa na mhandisi anayewajibika, na nakala iende kwa msambazaji wa umeme kabla kibali hakijatolewa. Takwimu za sensa ya majengo, vibali na mita ziunganishwe, zikilindwa kwa sheria, na vyuo vyetu vipewe kazi ya kuzigeuza kuwa ramani ya mahitaji, mtaa kwa mtaa. Ramani hiyo ihesabu pia kile ambacho watu wangetumia kama wangeweza, kwa kuwauliza, si kwa kusoma mita tu. Na utabiri uchapishwe kwa Kiswahili kila mwaka, pamoja na makosa ya utabiri wa mwaka uliopita, ili diwani wa Mbagala ausome, aulize kwa nini kata yake imeandikiwa kidogo, na ajibiwe.

La mwisho ndilo ninalolishikilia zaidi. Makadirio yanayofungiwa kabatini ni amri. Yanayochapishwa ni hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja.

Transfoma mpya mtaani kwetu ilifungwa siku mbili baadaye, kubwa kuliko ile ya kwanza. Tulishukuru. Jioni ile feni zilizunguka, televisheni zikarudi kwenye tamthilia zao, na watoto wakaacha kulia. Wiki hiyo hiyo, kwenye kiwanja cha pembeni ambako miembe miwili ya mwisho ilikuwa imebaki, lilifika lori la nondo. Nilisoma kibao cha mkandarasi kwa makini: ghorofa saba. Kilitaja mmiliki, msanifu na namba ya kibali. Nilitafuta mstari unaosema jengo hilo litahitaji umeme kiasi gani. Haukuwepo.